Milton Hershey: Mfalme wa chokoleti aliyewarithisha yatima mali yake

WAONJAJI wa chokoleti za bei ghali wana taratibu zao. Kipande huvunjwa kwanza ili mlio wake usikike, kisha hunuswa, kisha huwekwa juu ya ulimi na kuachwa kiyeyuke polepole bila kutafunwa. Mafuta ya kakao huyeyuka kwenye joto la karibu nyuzi 34 za Selsiasi, chini kidogo ya joto la mwili wa binadamu, na ndiyo sababu chokoleti hukaa imara kwenye rafu ya duka lakini ikageuka uji kinywani. Punje chache za chumvi hupunguza uchungu wa kakao na kuutanguliza utamu. Lozi au njugu iliyokaangwa nayo huleta mafuta yake, harufu ya moto, na kitu cha kukipa jino kazi.

Vipande vya namna hiyo huuzwa leo katika maduka ya kifahari ya Ulaya na Marekani kwa bei ambayo mlalahoi hathubutu kuitazama mara mbili. Lakini mtu aliyeifanya chokoleti yenye lozi kuwa kitu cha kununuliwa na kibarua kwa sarafu moja hakuwa na taratibu zozote za uonjaji. Alikuwa mtoto wa shambani aliyeacha shule mapema, akafukuzwa kazi yake ya kwanza, na akafilisika katika miji miwili mikubwa kabla ya kutimiza umri wa miaka 30. Jina lake lilikuwa Milton Snavely Hershey.

Alizaliwa mnamo Septemba 13, 1857 katika nyumba ya mawe iliyojengwa na wazee wa ukoo wao huko Derry, jimbo la Pennsylvania. Jamaa zake walikuwa waumini wa madhehebu ya Mennonite, watu wenye asili ya Uswisi na Ujerumani ambao walisifika kwa bidii ya shamba na kuepuka anasa. Mamake, Fanny Snavely, aliyashika mafunzo hayo barabara. Babake, Henry Hershey, alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Alipenda vitabu na ndoto za utajiri wa haraka, alianzisha biashara moja baada ya nyingine, na zote zikamwendea segemnege. Familia ilihamahama kumfuata, na mtoto Milton akabadilisha shule mara kwa mara hivi kwamba hakupita darasa la nne. Dadake mdogo, Serena, alifariki mwaka wa 1867 akiwa bado mtoto. Baada ya msiba huo wazazi hao wawili walizidi kutengana, ingawa hawakuvunja ndoa yao.

Henry alitaka mwanawe awe mtu wa maandishi, akampeleka kuwa mwanagenzi kwa mchapishaji wa gazeti la Kijerumani. Ajira hiyo haikudumu. Kofia ya kijana ilianguka ndani ya mtambo wa kupiga chapa na akaachishwa kazi. Kuna wanaosimulia kwamba kofia haikuanguka, iliangushwa. Mamake ndiye aliyempeleka mwaka wa 1872 kwa Joseph Royer, mtengenezaji peremende na aiskrimu mjini Lancaster, na hapo Milton akapata chuo chake. Kuchemsha sukari wakati huo ilikuwa kazi ya jicho, pua na ulimi. Sufuria ikikaa motoni kitambo kidogo kuliko inavyotakiwa, sukari huungua ikawa chungu. Ikiepuliwa mapema, hunata kama gundi. Kijana ambaye hakuwahi kung'ara darasani aligundua kwamba mikono yake ilijua jambo hili bila kuelezwa.

Mwaka wa 1876, akiwa na umri wa miaka 18, alifungua duka lake mwenyewe huko Philadelphia, wakati mji huo ulipokuwa umefurika wageni waliokuja kwenye maonyesho ya kuadhimisha miaka 100 ya uhuru wa Marekani. Mamake na shangazi yake Mattie walihamia huko kumsaidia kufunga peremende katika karatasi. Wageni waliondoka, bei ya sukari haikushuka, na madeni yakalimbikizana. Baada ya miaka sita ya kuchemsha usiku na kuuza mchana, afya yake ilidhoofika na duka likafungwa mwaka wa 1882.

Alimfuata babake hadi Denver, huko magharibi, ambako mzee alikuwa akiwinda bahati katika migodi ya fedha. Fedha hawakuipata. Lakini Milton alipata kazi kwa mtengenezaji karameli mmoja wa mji huo na akajifunza siri iliyokuja kumfaa kuliko mgodi: kutia maziwa mabichi katika karameli badala ya kuigandisha kwa nta. Karameli ya maziwa ilikuwa laini, ilikaa muda mrefu bila kuharibika, na haikuuacha ulimi na utando. Pengine huo ndio uvumbuzi mkubwa zaidi wa maisha yake, na haukuwa wake.

Kutoka Denver alijaribu Chicago, akajaribu New Orleans, kisha New York. Huko New York alifungua duka mwaka wa 1883, na kufikia 1886 wadai walikuwa wamechukua mitambo yake. Alirudi Lancaster akiwa hana kitu. Wajomba zake waliokuwa wamemkopesha hapo awali walimfungia mlango. Machoni mwao alikuwa Henry Hershey wa pili. Aliyempokea ni mfanyakazi wake wa zamani, William Lebkicher, ambaye alimpa mahali pa kulala na kulipia gharama ya kuikomboa mizigo yake kutoka kwa shirika la reli.

Alianza tena na karameli za maziwa, akizichemsha usiku na kuzizungusha kwa mkokoteni mchana. Safari hii mfanyabiashara mmoja wa Kiingereza alizionja, akazipenda, na kuagiza shehena ya kupelekwa Uingereza. Hershey alihitaji mkopo ili kutimiza agizo hilo ilhali benki haikuwa na sababu yoyote ya kumwamini. Inasimuliwa kwamba ofisa wa benki aliyetembelea karakana yake alivutiwa na juhudi alizoziona hata akauidhinisha mkopo huo kwa jina lake mwenyewe. Malipo kutoka Uingereza yalifika kwa wakati. Katika muda wa miaka michache kampuni ya karameli ya Lancaster ilikuwa na mamia ya wafanyakazi, na mwenyewe akawa mkwasi.

Mtu mwingine angeridhika. Hershey alikwenda kwenye maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika Chicago mwaka wa 1893, akasimama mbele ya mitambo ya kampuni ya J. M. Lehmann ya Dresden, Ujerumani, iliyokuwa ikikaanga kakao, kuisaga na kuikoroga hapo hapo mbele ya watazamaji, na akainunua. Maonyesho yalipokwisha, mitambo hiyo ilisafirishwa hadi Lancaster, na mwaka wa 1894 akaunda kampuni ya chokoleti. Aliamini kwamba karameli ni mtindo wa kupita, bali chokoleti ni chakula.

Haikuwa hivyo bado. Chokoleti ya maziwa ilikuwa imevumbuliwa na Daniel Peter huko Vevey, Uswisi, mnamo 1875, na namna ya kuitengeneza ililindwa kama mboni ya jicho. Chokoleti nzuri iliyofika Marekani ilitoka Ulaya na ililiwa na matajiri. Hershey hakuwa na mkemia. Alijenga karakana huko Derry alikozaliwa, akanunua ng'ombe, na akajaribu maziwa ya kila namna: yenye malai, yasiyo na malai, yaliyochemshwa kwa moto mkali na kwa moto mdogo. Maziwa na mafuta ya kakao havipatani kwa urahisi, kwa kuwa maji yaliyomo katika maziwa huifanya chokoleti igande mabonge. Maziwa yakichemshwa kupita kiasi huungua. Yasipokauka, chokoleti huoza. Suluhisho lilipatikana hatimaye kwa kuyapika taratibu pamoja na sukari ndani ya chungu kisicho na hewa, yakawa mazito bila kuungua.

Maziwa hayo yalibaki na uchachu kidogo. Wataalamu wa baadaye wameeleza kwamba njia ya Hershey huenda huruhusu mafuta ya maziwa kuanza kuvunjika, na hapo hutokea ladha ambayo watu wa Ulaya huikunjia uso hadi leo, wakisema chokoleti hii imeharibika. Wamarekani waliizoea tangu utotoni na hawakutaka nyingine. Hata baadhi ya washindani wake walilazimika kuuiga uchachu huo. Kwa kipimo cha waonjaji wa leo, basi, chokoleti ya Hershey haingefika mbali katika mashindano yoyote. Lakini kipimo hicho si haki kwake. Alichokuwa akikitafuta ni ladha inayoweza kutoka vile vile kila siku, kwa maelfu ya vipande, na kuuzwa kwa senti tano.

Mnamo 1900 aliiuza kampuni ya karameli kwa dola milioni moja, pesa nyingi ajabu kwa wakati huo, akabaki na haki ya kutengeneza chokoleti. Mwaka huo huo kipande cha chokoleti ya maziwa chenye jina lake kilianza kuuzwa. Bei yake ya senti tano haikubadilika hadi mwaka wa 1969. Kilichobadilika ni uzito: kakao ilipopanda bei, kipande kilipungua, na iliposhuka, kikanenepa. Wateja wengi hawakuwa na mizani mfukoni.

Mwaka wa 1903 alianza kujenga kiwanda kipya, si Lancaster wala Philadelphia, bali katikati ya mashamba ya Derry. Watu wa biashara walimcheka. Hapakuwa na nyumba, maduka wala wafanyakazi. Yeye aliona maji safi, mawe ya kujengea, familia za wakulima waliozoea kazi, na zaidi ya yote ng'ombe wa maziwa kila upande. Kiwanda kilikamilika mwaka wa 1905, na mji ukaota kukizunguka: nyumba zenye bustani, benki, shule, bustani ya burudani na reli ndogo ya umeme. Barabara kuu mbili ziliitwa Chocolate na Cocoa, na mitaa ikapewa majina ya nchi na bandari za kakao, kama vile Caracas, Trinidad, Java na Ceylon.

Jina la Accra halikuwamo, ingawa lilistahili. Fundi wa chuma aitwaye Tetteh Quarshie alikuwa amerudi Gold Coast, Ghana ya leo, mwaka wa 1879 akiwa na mbegu za kakao kutoka kisiwa cha Fernando Po na kuzipanda Mampong. Alikufa mwaka wa 1892 bila kuona matunda makubwa ya kazi hiyo. Kufikia 1911 koloni hilo lilikuwa likiongoza ulimwengu kwa mauzo ya kakao, na ni wingi wa kakao ya wakulima wadogo wa Afrika Magharibi uliosaidia kuifanya chokoleti ya bei rahisi iwezekane. Wengi wa wakulima hao hawakuwahi kuonja kile ambacho mbegu zao zilikuja kuwa.

Kwa Hershey mambo yalikwenda kasi. Vitone vidogo vya chokoleti viitwavyo Kisses vilianza mwaka wa 1907, vikifungwa kimoja kimoja kwa mkono hadi mashine ilipochukua kazi hiyo mwaka wa 1921. Mamake, ambaye hakupenda kukaa bure hata baada ya mwanawe kuwa bwanyenye, husimuliwa kwamba aliendelea kuletewa vitone hivyo nyumbani ili avifunge.

Mnamo 1908 kilikuja kipande chenye lozi. Lozi nzima zilizokaangwa zilizamishwa ndani ya chokoleti ya maziwa, na mara moja ile kasoro ya kipande cha awali, yaani utamu uliokolea mno, ikapata dawa yake. Ukali mdogo wa ganda lililokaangwa uliukata utamu, na jino likapata cha kuvunja. Mwaka wa 1925 akafuatisha kipande cha njugu karanga kilichoitwa Mr. Goodbar. Njugu ni rahisi kuliko lozi, na njaa ilipoikumba Marekani katika miaka ya 1930, kipande hicho kilinadiwa kuwa chakula cha mchana cha mtu asiye na pesa. Hapo hakuwa akidanganya sana. Kuna kibarua wa Nairobi ambaye amewahi kuishinda siku kwa pakiti ya njugu na maji.

Chumvi iliingia kwa mlango wa nyuma. Harry Burnett Reese, baba wa watoto 16, alikuja mwaka wa 1917 kufanya kazi katika shamba la ng'ombe la Hershey. Baadaye alijaribu biashara ya peremende katika nyumba yake, na mwaka wa 1928 akatengeneza vikombe vidogo vya chokoleti vilivyojazwa siagi ya njugu yenye chumvi. Hershey hakumwona kuwa adui. Alimuuzia chokoleti, na Reese akawa miongoni mwa wateja wake wakubwa. Kikombe hicho, chenye chumvi, njugu na chokoleti kwa pamoja, kilikuja kuwa moja ya peremende zinazouzwa sana Marekani, na kampuni ya Reese ikaunganishwa na ya Hershey mwaka wa 1963, wakati wote wawili walikuwa wamekwisha kufa.

Ulimi wa mfalme mwenyewe haukuwa hodari siku zote. Alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara nene za Cuba, na moshi hauusaidii ulimi. Uzeeni alipenda kujaribu mambo mapya, akawaamuru watu wake watengeneze vitamutamu baridi vya mboga, vikiwemo vya viazisukari na vya vitunguu. Wenyeji walivionja kwa heshima. Havikununuliwa.

Mwaka wa 1898, akiwa na umri wa miaka 40, alikuwa amemuoa Catherine Sweeney, binti wa Kikatoliki wa asili ya Ireland kutoka Jamestown, New York, aliyekuwa mdogo kwake kwa zaidi ya miaka kumi. Ndoa ilifungwa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick jijini New York, na haikumfurahisha mama mkwe. Kitty, kama alivyoitwa, alikuwa mcheshi na mchangamfu, na wote waliowafahamu walikubaliana kwamba mumewe alimpenda kupindukia. Hawakujaliwa watoto. Muda si mrefu Kitty alishikwa na ugonjwa wa neva uliomlemaza hatua kwa hatua, na mumewe akamtembeza kwa madaktari wa Ulaya na Marekani bila mafanikio. Katika mojawapo ya safari hizo walikuwa wamelipa dola 300 za kuweka nafasi kwenye meli mpya iitwayo Titanic. Shughuli za biashara zilimlazimu Hershey kurudi siku chache mapema kwa meli nyingine.

Ni wao wawili waliotia saini, Novemba 15, 1909, hati ya kuanzisha shule ya wavulana yatima. Waliipa shamba la ekari 486, pamoja na ile nyumba ya mawe alimozaliwa Milton. Wavulana wanne wa kwanza walipokewa mwaka wa 1910. Walilishwa, walivishwa, walifundishwa kusoma pamoja na kazi za mikono, na kila mmoja alipangiwa kukamua ng'ombe. Kitty alifariki Machi 25, 1915. Hershey hakuoa tena.

Novemba 1918, bila kutangaza lolote, alihamisha hisa zake katika kampuni ya chokoleti na kuziweka katika wakfu wa shule hiyo. Thamani yake ilikadiriwa kuwa dola milioni 60. Alibaki na nyumba yake na pesa za matumizi. Ulimwengu haukujua hadi mwaka wa 1923, magazeti yalipopata habari, na waandishi waliomiminika Derry wakamkuta mzee mfupi mwenye masharubu asiyependa hotuba, aliyewaeleza tu kwamba hana mrithi na ameamua kuwafanya yatima wa Marekani kuwa warithi wake.

Si yatima wote, hata hivyo. Hati ya 1909 ilitaja wavulana weupe. Huo ulikuwa ubaguzi wa wakati wake, lakini ulikuwa umeandikwa kwa kalamu yake, na ulidumu zaidi ya miaka 20 baada ya kifo chake. Wanafunzi weusi hawakupokewa hadi kuelekea mwisho wa miaka ya 1960, na wasichana wakafuata katika miaka ya 1970. Mtu aliyeteremsha bei ya chokoleti ili kila mkono uifikie aliwafungia watoto wengine mlango wa nyumba yake, na maisha yake hayawezi kusimuliwa sawasawa bila kulitaja jambo hilo.

Alikuwa pia baba wa mji ambao haukumchagua. Alimiliki kiwanda, benki, maduka, umeme na sehemu kubwa ya nyumba, na alizunguka akikagua nani ameacha nyasi zikue. Hapakuwa na meya. Mdororo wa uchumi ulipoanza mwaka wa 1929, alitumia mamlaka hayo kwa namna ambayo wengi waliibariki: badala ya kufukuza watu, alianza kujenga. Hoteli kubwa juu ya kilima na ukumbi wa maonyesho vilifunguliwa mwaka wa 1933, na uwanja wa michezo wenye paa mwaka wa 1936. Husimuliwa kwamba msimamizi mmoja alijisifu mbele yake kwa mashine ya kuchimba inayofanya kazi ya watu 40, naye akaamuru mashine iondolewe na watu 40 waajiriwe.

Hisani, lakini, si mshahara. Mapema Aprili 1937 wafanyakazi waliotaka chama chao wenyewe waligoma na kuketi ndani ya kiwanda. Kiwanda kikisimama, maziwa hayanunuliwi, na wakulima waliokuwa wakimwaga maziwa yao waliungana na wafanyakazi waliompinga kiongozi wa mgomo. Aprili 7 walivamia kiwanda kwa marungu na kuwatoa wagomaji kwa kipigo, huku wakiwapitisha katikati ya safu mbili za watu wenye fimbo. Hershey alikuwa karibu kutimiza miaka 80. Alikuwa ameamini kwamba mji wake haukuwa na maskini wala mnung'unikaji, na sasa damu ilikuwa imemwagika langoni. Miaka michache baadaye wafanyakazi walipata chama chao, na kiwanda hakikuanguka.

Mwaka huo huo wa 1937 Kapteni Paul Logan wa jeshi la Marekani alifika na ombi la ajabu. Alitaka kipande cha chokoleti cha kubebwa na askari kama chakula cha dharura. Kiwe na uzito wa wakia nne, karibu gramu 113. Kiwe na nguvu nyingi. Kisiyeyuke kwenye joto kali. Sharti la nne lilikuwa kwamba kisiwe kitamu. Ladha yake izidi kidogo tu ile ya kiazi kilichochemshwa, kwa sababu askari akipewa kitu kitamu atakila njiani na kufa njaa siku ya shida.

Sam Hinkle, mkemia wa kampuni, alichanganya kakao na sukari, unga wa maziwa yasiyo na malai, na unga wa oti wa kutosha kuufanya mchanganyiko uwe mzito kiasi cha kukataa kumiminika. Ulilazimika kukandwa na kushindiliwa katika vikebe. Kipande kilikuwa kigumu mno, hata baadhi ya askari walikikwangua kwa kisu. Kilikuwa na kalori 600. Baada ya miaka 40 ya kuutafuta utamu kwa senti tano, kiwanda cha Hershey kilikuwa kimefaulu kuuondoa kwa makusudi. Askari wengi walikichukia, na wengine walikitupa au kukibadilisha kwa sigara na watu wasiokijua. Hata hivyo, vita vilipokwisha kampuni ilikuwa imetengeneza zaidi ya vipande bilioni tatu vya chakula hicho na ndugu yake wa nchi za joto, na kati ya waliokula walikuwamo raia wa Ulaya waliokuwa hawajaona chokoleti kwa miaka.

Hershey alijiuzulu uenyekiti mwaka wa 1944. Aliaga dunia Oktoba 13, 1945, mwezi mmoja baada ya kutimiza miaka 88, katika hospitali ya mji wenye jina lake. Jeneza lilibebwa na wavulana wa shule yake, akazikwa kando ya Kitty na wazazi wake wawili, Henry na Fanny, ambao hawakuweza kuishi pamoja.

Wakfu alioacha ulitikisika mara moja kwa kishindo. Mwaka wa 2002 wadhamini waliamua kuiuza kampuni ili wasiweke mayai yote katika kapu moja, na Wrigley, watengenezaji wa ubani wa kutafuna, wakaahidi dola bilioni 12.5. Wakazi waliandamana barabarani, wakiwemo wanafunzi wa zamani wa shule, na mwanasheria mkuu wa Pennsylvania akaenda mahakamani kuzuia mauzo. Septemba mwaka huo wadhamini walipiga kura, 10 dhidi ya saba, na kuliacha wazo hilo. Kiwanda cha kwanza kwenye barabara ya Chocolate kilifungwa mwaka wa 2012 na kazi ikahamishiwa kiwanda kipya nje kidogo ya mji. Shule inaendelea, bila karo, na ina zaidi ya wanafunzi 2,000, wavulana kwa wasichana, wa kila rangi.